Filamu huru: huru kwa nani?

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alirusha kwenye kikundi cha WhatsApp filamu ya Kihindi ya robo saa hivi, Juice, na chini yake akaandika: "Hii ni huru, haina hata wimbo mmoja." Nikanyamaza. Juzi mwingine akaita huru filamu aliyoitazama bila kulipia. Hapo nikaweka kikombe chini.

Maana kwanza, nisiwachoshe. Filamu huru ni ile iliyotengenezwa nje ya kampuni kubwa za sinema, na aliyetoa fedha hana kauli ya mwisho juu ya hadithi. Filamu fupi ni suala la saa tu: wale wa tuzo za Oscar wanahesabu dakika 40 kushuka chini, pamoja na majina yanayopita mwishoni. Filamu ya saa tatu yaweza kuwa huru kabisa, na ya dakika 10 ikawa imefungwa kamba miguu yote minne.

Kinachonikera ni hilo neno huru linavyotupwatupwa. Asili yake ni Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa, na huku pwani halikuwa neno la mapambo. Mtu aliachwa huru, na kila aliyesikia alijua ameachwa na nani. Yaani neno lenyewe linadai bwana. Ukisema huru bila kumtaja bwana, bado hujasema kitu. Wala si bure. Bure ni bei. Yako mambo ya bure yenye bwana mkubwa nyuma yake, na yako ya kulipia tiketi yasiyo na bwana yeyote.

Sasa, filamu fupi za Kihindi zina mabwana wa kukimbia zaidi ya mmoja. Yupo wa studio za Mumbai, mji wa sinema za India, anayetaka nyota, nyimbo na saa mbili na nusu. Yupo wa CBFC, bodi ya serikali inayotoa vyeti vya filamu, ambayo kwa sheria ya 1952 filamu haiingii ukumbini bila kupita mikononi mwake. Ukipandisha kazi yako YouTube, humpigii hodi. Halafu yupo mfadhili, na huyu ndiye watu wetu hawamwoni.

Turudi kwenye hiyo Juice, ya Neeraj Ghaywan, ya 2017. Ni usiku wa joto, wageni wamejaa nyumbani. Wanaume wako sebuleni mbele ya kipoza hewa kikubwa cha maji, wanabishana siasa na mambo ya ofisini. Wake zao wamebanana jikoni, jasho linawatiririka, sufuria zinatoa mvuke, na kila baada ya muda sauti inatoka sebuleni kuagiza kitu. Mwenye nyumba, anayeigizwa na Shefali Shah, mwisho anafungua friji, anajimiminia juisi, anavuta kiti mpaka katikati ya wanaume, anakaa mbele ya kile kipoza hewa na kumkazia mumewe macho. Hasemi neno. Wala haihitaji wimbo.

Ilipendwa sana, ikachukua na tuzo ya Filmfare, moja ya tuzo kubwa za sinema za Kihindi. Lakini imetolewa chini ya mwavuli wa Royal Stag Barrel Select Large Short Films. Royal Stag ni wiski. India pombe haitangazwi kwenye televisheni, kwa hiyo jina la chupa linatafuta pa kuegemea, na filamu ni egemeo zuri. Hata hilo "Large" lina mzaha wake: kwenye baa za India ndiyo glasi ya mililita 60. Studio haimo na bodi haimo, ila bwana wa tatu amekaa kimya mlangoni. Sioni mahali alipoilainisha hadithi, nakiri. Lakini kuiita huru kwa mdomo mpana, hapana.

Weka kando yake Bittu ya Karishma Dev Dube, dakika 17, kazi aliyoifanya akiwa mwanafunzi wa filamu New York. Inatokana na mkasa wa 2013 kule jimbo la Bihar, India, ambako watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuulia wadudu. Anawafuata wasichana wawili marafiki, wakorofi kidogo, siku ambayo jiko la shule linawageukia. Iliingia orodha ya filamu 10 za mchujo wa Oscar mwaka 2021, na watu wenye majina wa Mumbai wakajitokeza kuibeba ikiwa tayari imeshakatwa na kuunganishwa. Kuna waliosema hapo uhuru wake umekwisha. Kwangu mimi la, maana hadithi ilikuwa imeshafungwa kabla hawajafika.

Kuhusu neno Kihindi nimeshasamehe. Ahalya ya Sujoy Ghosh, 2015, kila mtu anaiita ya Kihindi nayo ni ya Kibengali. Sisi tukisema "ya Kihindi" twaweza kumaanisha lugha, au chochote kinachotoka India, pamoja na bizari. Lugha yetu ndivyo ilivyo.

Basi ndugu yangu wa kikundi, ile uliyorusha ni nzuri, na ukiiita filamu fupi huna kesi na mtu. Kukosa nyimbo hakuhusiki, hata filamu huru huimba ikipenda. Ila kabla ya kuongeza neno huru, irudishe nyuma mpaka sekunde za mwanzo kabisa, kabla ya jikoni na jasho, usome jina lililoandikwa pale.