Mikono Nyuma: Kuwafundisha Wageni Kusoma Ishara za Mwili

Ukitaka kujua kama wageni unaowafundisha wanakielewa Kiswahili chako au wanaisoma mikono yako tu, toa maagizo ukiwa umefunga mikono nyuma. "Fungueni ukurasa wa kumi na mbili, someni aya ya pili, kisha mwulizane maswali mawili." Usiguse kitabu, usiinue vidole viwili, usiwatazame wawili wawili. Darasa ambalo jana lilifungua vitabu kabla hujamaliza sentensi litaanza kutazamana.

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kuigiza. Tukisema "kunywa" tunainua kikombe kisichokuwepo, tukisema "jana" tunatupa mkono nyuma ya bega. Huo ni msaada wa wiki mbili tatu za mwanzo, basi. Ukizidi hapo mwanafunzi anajifunza kukutazama badala ya kusikiliza. Tena ishara hizo ni za darasani, huzikuti soko la Kibuye wala stejini Kondele, hapa Kisumu. Zinazotumika huko ni ndogo na za haraka: nyusi zinazopanda mara moja, kidevu kinachoelekea upande fulani, msonyo, ukimya wa sekunde tatu. Hizo ndizo za kufundishwa.

Shuleni tunaziita viziada lugha, na wengi walizikariri kwenye fasihi simulizi kama hoja ya alama moja: fanani (msimulizi) hutumia viziada lugha. Mgeni anayehitaji kununua samaki kesho hasaidiwi na fasili hiyo. Kanuni ninayoifuata ni hii: mwanafunzi ajue kusoma ishara nyingi, lakini yeye mwenyewe atoe chache. Msonyo lazima autambue akiusikia. Akianza kusonya mwenyewe amejitafutia balaa, kwa sababu hajui bado nani anaweza kumsonya nani na kwa mzaha upi.

Kabla ya mazoezi, kuna takwimu moja ya kufuta kwenye slaidi zenu. Ni ile isemayo kwamba maneno hubeba asilimia 7 ya mawasiliano, sauti 38, na uso 55. Inatokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja, na katika jaribio lingine wakaonyeshwa pia picha za nyuso, wakakisia kama msemaji anampenda mtu au hampendi. Hayakupima mazungumzo, wala bei ya nyanya. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, mgeni asiyejua Kiswahili angeelewa asilimia 93 ya tunayoyasema, na sote tunajua sivyo. Vilevile umbali kati ya watu uliotajwa na mwanaanthropolojia Edward Hall mwaka 1966 (hadi sentimita 45 kwa wandani, mita 1.2 kwa marafiki) aliupata kwa kuwachunguza Wamarekani wa tabaka la kati. Upeleke ndani ya matatu ya abiria 14 uone utafika wapi.

Anza na maamkizi, maana hapo ndipo mgeni anapopimwa kila siku. Makosa makubwa ni ya muda. Mgeni hushika mkono, huutikisa mara mbili, huuachia, halafu ndipo anauliza habari. Huku mkono unaweza kushikwa wakati habari za nyumbani, watoto na kazi zinaendelea kuulizwa. Kwa hiyo mfundishe asiwe wa kwanza kuuachia. Kwa mtu mzima aushikilie mkono wake wa kulia karibu na kiwiko kwa mkono wa kushoto, ainame kidogo tu. Akikutana na fundi wa magari au muuza samaki mwenye mikono michafu, ataletewa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Akishike hicho kifundo kwa wepesi. Wanaogeuza mkono wa mwenzao wakitafuta kiganja huleta aibu pande zote mbili. Kwa wanawake Waislamu, kama wengi walioko Mumias, mwanamume asubiri. Mkono usipotolewa, aweke wake kifuani. Na akikaribishwa ukweni na rafiki Mluhya, asishangae kuona mkwe na mama mkwe hawashikani mikono kabisa. Hapo umbali wenyewe ndio heshima.

Kuita na kuonyesha huharibika upesi zaidi. Kidole cha shahada kinachokunjwa kuelekea juu ni cha kumwita mbwa, au mtoto aliyekosa. Mtu huitwa kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vinne vikifagia kuelekea kwako. Kumwonyesha mtu hufanywa kwa kidevu au midomo, au kwa mkono mzima uliofunguka. Kimo nacho kina adabu yake: sehemu nyingi za huku kiganja kilicholala bapa hupima ndama au mbuzi. Mtoto wa mtu huonyeshwa kwa vidole vilivyosimama vikitazama juu. Mwaka 1977 mwanaisimu Chet Creider alichapisha maelezo ya ishara za Waluo, Wagusii, Wakipsigis na Wasamburu. Wagusii ni Wabantu, wengine si Wabantu, lakini ishara hupita kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Ndiyo maana mgeni aliyezoea Kisumu hatapotea sana Kakamega au Nakuru.

Sasa tuje kwenye sarufi, ambako walimu wengi husahau kabisa kwamba mwili una kazi. Vionyeshi vya Kiswahili havifundishiki ubaoni. Weka vitu vitatu vya ngeli moja: mwiko mkononi mwako, mwiko mbele ya mwanafunzi, mwiko dirishani. Huu, huo, ule. Kisha badilishaneni viti, maana wengi hudhani "huo" ni wa umbali wa kati tu, kumbe ni wa karibu na msikilizaji. Mkono ukienda dirishani huku mdomo ukisema "huo", kosa linaonekana kabla halijasikika. Ukishamaliza hapo, ongeza "kule" inayovutwa. "Kule" fupi na "kuleee" si mwendo mmoja. Kadiri vokali inavyorefuka na mkono unavyoinuka, ndivyo mtu anavyozidi kwenda mbali. Mgeni anayesikia "ni hapo tu mbele" bila kuutazama mkono ulionyooka juu ya bega ataanza kutembea kwa miguu mahali pa kupandia boda.

Saa ndiyo ninayoipenda zaidi. Vitabu humwambia mgeni aondoe sita au aongeze sita, na miezi mitatu baadaye bado anahesabu vidoleni. Mtoe nje. Ikweta inapita Maseno, si mbali na Kisumu, kwa hiyo mchana ni wa takribani saa 12 mwaka mzima na jua hupanda karibu wima. Anyooshe mkono mashariki, usawa wa ardhi: saa kumi na mbili asubuhi. Utosini: saa sita. Magharibi: saa kumi na mbili jioni. Kila saa ni nyuzi 15 za mkono. Akiulizwa "saa nne jua liko wapi?" anauinua mkono nyuzi 60, na hapo hakuna cha kuondoa wala kuongeza. Jua la kweli halifuati saa ya ukutani kwa dakika (huchomoza kama nusu saa baadaye), ila kwa somo hili haidhuru. Wazee hutaja wakati hivyohivyo, "jua likiwa hapa", na mwanafunzi atawaelewa.

Kiimbo kisiachwe nyuma, kwa kuwa swali la ndiyo au la halibadilishi mpangilio wa maneno. "Amekuja." na "Amekuja?" hutofautishwa na sauti, na mara nyingi na nyusi. Hali kadhalika "ee" inayoshuka ni ndiyo, "ee?" inayopanda ni "umesemaje?" Na "mm-mm" iliyokatwa katikati ni hapana. Wajirekodi kwa simu, wasikilizane bila kuonana.

Kwa kipindi cha dakika 80, mkanda wa sekunde 60 hadi 90 unatosha. Waombe wenzako wawili waigize kununua omena, mmoja akikataa bei bila kutamka "hapana". Usirekodi wachuuzi kwa siri, na vichekesho vya runinga viepuke, maana humo mikono huchezea kamera. Uonyeshe mara tatu bila sauti, wanafunzi waandike mazungumzo wanayodhani yanaendelea. Kisha sauti bila picha. Mwisho vyote pamoja. Tofauti kati ya walichoandika na walichosikia ndiyo somo. Usiwasahihishe mapema.

Wakienda sokoni, watatu watatu, dakika 20 zinatosha, kila mmoja na kiungo chake: uso, mikono, sauti. Daftari liwe na safu za nani, kwa nani, mwendo gani, na maneno gani yalifuata. Safu ya maana ibaki tupu hadi warudi waulize mwenyeji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mwanafunzi huandika "amekasirika" akidhani ameona kitu, kumbe alichoona ni "amekunja uso, ametazama kando, amenyamaza." Mtoto anayeinamisha macho mbele ya mwalimu huandikwa "anaficha kitu", ilhali kwa mtoto wa huku kumkodolea macho mkubwa anayemkemea ndiyo ukosefu wa adabu. Mwenye duka aliyeanza kufunga mfuko huandikwa "hana subira", kumbe amekubali bei.

Kosa lingine ni kuzichanganya ishara hizi na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, na Katiba ya 2010 imeitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Asiyesikia hatasaidiwa na nyusi zako, na kupunga mikono ovyo mbele yake ni kama kumbwatukia mtu kwa maneno ya kubuni.

Kutahini nako kuna mtego. Wengi hutoa alama kwa maigizo, na mwenye mbwembwe hupata zote. Katika alama 10, mimi hutoa 6 kwa kutambua, yaani mkanda mpya, ishara sita, na kwa kila moja aeleze kilichoonekana, maana yake pale, na kilichomsaidia kujua. Tatu ni za kutoa ishara ndani ya mazungumzo, si pekee yake. Moja ni ya kurekebisha, maana makosa lazima yatokee. Akiwa amemwita mama wa mboga kwa kidole, "Samahani mama, nimekuita vibaya" inatosha, ikifuatwa na kuita upya kwa kiganja. Asiyejua kama nyusi zilizopanda zilikuwa ndiyo au mshangao aulize, "Ndiyo?", kisha asubiri kusikia neno kabla ya kutoa pesa.