Testa Isipowaka, Bado Hujajua Kitu

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, sema unataka vitu vya kazi ndogondogo za nyumbani. Utafungiwa testa, plaizi, bisibisi na tepu nyeusi. Kazi zenyewe ni zile za kila nyumba: plagi ya pasi imeungua, holda ya taa imelegea, soketi inatoa cheche. Vifaa hivyo si vibaya, ila vingi ni vya kukata na kukaza, wakati kwenye volti 230 (Kenya ni 240) kifaa cha kwanza kununua ni kile kinachokuambia kwa uhakika kama waya una umeme au hauna.

"Nimepima kwa testa haikuwaka, shika tu."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Ndani ya testa ya bisibisi kuna kitaa cha neoni na rezista kubwa, kwa kawaida ya ohmu milioni 1 hivi. Umeme huingia kwenye ncha, ukapita rezista na kitaa, kisha ukapita mwilini mwako kwenda ardhini. Ni mdogo sana, chini ya miliampea 1, ndiyo maana huusikii. Kwa hiyo wewe mwenyewe ni sehemu ya kipimo. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao na ndala za mpira miguuni, mwanga unaweza kufifia. Ukiwa kwenye jua kali, hutauona. Na kitaa kikifa, testa haina namna ya kukueleza.

Ikiwaka, usishike. Isipowaka, hakikisha. Fundi makini hupima mara tatu: kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, pili kwenye waya anaotaka kuushika, kisha anarudi kwenye ile soketi ya kwanza ili ajue kifaa hakikufa katikati ya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo testa hailijui kabisa, nalo ni niutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Soketi inawasha testa vizuri, lakini pasi haipati moto. Mtu anasema umeme upo, pasi ndiyo mbovu, anakwenda kununua nyingine. Kumbe niutro imekatika. Wakati mwingine, kama kuna kifaa kimeachwa kimewashwa kwenye laini hiyo, matundu yote mawili ya soketi yanawasha testa, na hapo watu wengi huchanganyikiwa.

"Multimita ni ya mafundi redio."

Multimita, kifaa kinachokusomea volti kwa namba, ndiyo hulimaliza fumbo hilo. Kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na niutro isome karibu 230, laivu na eathi (waya wa ardhini) vilevile, niutro na eathi karibu na sifuri. Ukiona tofauti na hapo, umejua pa kuanzia. Lakini nayo ina mtego wake. Waya mwekundu ukiachwa kwenye tundu la ampea 10, kisha ukapima volti za soketi, umepiga shoti mkononi mwako. Multimita nyingi za bei rahisi hazina fyuzi kwenye tundu hilo, na zimeandikwa hivyo usoni. Tazama pia alama ya CAT, yaani daraja la usalama la kipimo: CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa nyaya za nyumba na boksi la breka. Isiyo na alama yoyote iache kwenye betri na redio.

"Umeme umekatika mtaa mzima, ndio wakati wa kurekebisha."

Umeme hurudi bila hodi. Hata LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha ni vilevile: wewe uko juu ya dari, mtu sebuleni ananunua tokeni kwa simu na kuiingiza. Zima meni swichi, na ikiwezekana ifunge au mwambie mtu aisimamie. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwa sababu kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye niutro. Taa inazimika, holda inabaki na laivu. Usiamini rangi pia. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na bluu, na zilizoongezwa vyumba zina mchanganyiko wa kila kitu.

"Breka itaruka kabla sijaumia."

Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Haikulindi wewe. Taa moja ya zamani ya wati 60 inavuta karibu miliampea 260, na breka ya ampea 16 haishtuki hata kidogo. Mwilini, miliampea 30 tayari ni hatari kwa moyo. Kinachokata kwa kiwango hicho ni kikata-umeme cha uvujaji (RCD) cha miliampea 30, chenye kitufe cha kujaribia ambacho wengi wetu hatujawahi kukibonyeza.

Glavu za kuoshea vyombo na plaizi yenye plastiki mkononi? Hapana. Vipini vya kweli vina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na hata hivyo unazima kwanza.

Kuchuna waya kwa meno au wembe nako tuache. Nyuzi za shaba hukatika bila kuonekana, zinazobaki hupata moto, na tepu nyeusi uliyozungusha juu yake haishiki kiungo. Kiungo hushikwa na konekta yenye skrubu; plaizi ya kuchunia haina gharama kubwa.

Plagi, holda, fyuzi ya plagi: hayo yafanye. Kuvuta laini mpya, boksi la breka au hita ya kuogea ni kazi ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na lakiri ya mita haiguswi na yeyote isipokuwa shirika la umeme. Fundi akija, mtazame anavyoanza. Akigusa waya kwanza kisha akacheka kwamba ameuzoea umeme, mlipe nauli yake aende.