Tajnisi: maana yake, na kwa nini si sawa na kumezwa

Tajnisi ni uraia anaopewa mtu ambaye hakuzaliwa nao wala hakuurithi kwa wazazi wake. Anauomba, anachunguzwa, anaapa, anapewa cheti. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile la jinsi na jinsia, yaani aina. Ukilipima kwa asili yake, kumpa mtu tajnisi ni kumfanya awe wa jinsi yenu. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, maana cheti hutiwa saini kwa dakika moja, lakini kuwa wa jinsi ya watu fulani kunaweza kuchukua umri mzima, na pengine kulishakamilika zamani kabla ya cheti kuchapwa.

Tuanze na sheria, kwa kuwa upande huo ni mfupi. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya 1995, inawatambua raia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Anayeomba tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 yote kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza cha kutosha, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa uchumi na ustawi wa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Kwa sababu mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia pacha, itabidi aukane ule wa kwanza. Akishaupata bado hajalingana kabisa na jirani yake. Hawezi kugombea urais, kwani Katiba inamtaka raia wa kuzaliwa, na uraia wake unaweza kufutwa, kwa mfano ikigundulika kuwa alidanganya kwenye maombi.

Tazama kitu ambacho masharti hayo hayakitaji: dini, kabila, mavazi, jina. Sheria haimwambii mtu asahau alikotoka. Inamtaka aishi, aongee na wenzake, afanye kazi, abaki. Basi tajnisi tusiichanganye na usimilishaji, ambao kwa lugha ya barazani ni kumezwa: mgeni anaacha lugha yake, mila zake na hata jina, mpaka asitofautike na wenyeji. Wareno waliufanya usimilishaji kuwa sheria huko Msumbiji. Mwafrika aliyeonyesha kwamba anaongea Kireno na anaishi Kireno aliandikwa *assimilado* na kupata haki ambazo ndugu zake hawakuzipata. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1961, na mpaka leo neno hilo lina harufu mbaya, kwa haki kabisa. Katikati kuna kutangamana: watu wanaishi pamoja, wanaoana, wanazikana, wanadaiana dukani, na kila mmoja anabaki na kwao moyoni.

Haya matatu, cheti, kumezwa na kutangamana, huzungumzwa kama ngazi moja yenye vidato vinavyofuatana. Mkasa wa Warundi wa 1972 unaonyesha kwamba hayafuatani hata kidogo.

Mwaka huo, chini ya utawala wa Rais Micombero, Wahutu waliuawa kwa wingi Burundi na makumi ya maelfu wakavuka kuingia Tanzania. Serikali ikawapa ardhi porini: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973. Ulyankulu palipobana, wengi wakahamishiwa Mishamo mwaka 1978. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa methali ilitimia kwa maana yake halisi. Watu walifyeka miombo, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakajilisha na kulisha wengine. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya wanaowatetea wakimbizi, na watu wa makazi haya ni sehemu kubwa ya sababu.

Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na Warundi wa Mishamo, na pia wale walioishi Kigoma mjini bila kupangiwa makazi. Alikuta dunia mbili. Mishamo, ambako walikuwa peke yao na walihitaji kibali kutoka, watu walijisimulia kama taifa lililo uhamishoni. Kila jioni historia ya kwao ilirudiwa, na watoto waliozaliwa Tanzania waliijua Burundi kwa masimulizi tu. Kigoma mjini, watu wa asili ile ile walikuwa wamezama kwenye mtaa. Walifanya biashara, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wakajitambulisha kulingana na mahali na shughuli. Kirundi na Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma, vinasikilizana karibu neno kwa neno, kwa hiyo kuwa Muha hakukuhitaji kujifunza kitu.

Mimi nasoma jambo moja humo. Mgeni hamezwi kwa kuamriwa, na habaki mgeni kwa ukaidi wake. Ukimzungushia uzio utamkuta miaka 13 baadaye bado ni yule yule aliyevuka mpaka. Ukimwacha sokoni, soko litamfanyia kazi ambayo wizara yoyote haiwezi kuifanya.

Mwaka 2008 Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu. Iliwauliza watu wa makazi yale matatu, wapatao 218,000: kurudi Burundi au kuomba uraia? Karibu wanne kati ya kila watano wakachagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Lakini vyeti havikutolewa. Sharti likawa kwamba kwanza wahame, makazi yavunjwe, na watawanywe katika mikoa 16.

Kwa nini? Tusiharakishe kuliita roho mbaya. Utaifa wa Tanzania umejengwa kwa kuchanganya watu. Mtoto wa Bukoba alipelekwa shule ya bweni Songea, mwalimu wa Mtwara akapangiwa Mara, vijana wa kila mkoa wakalala bweni moja Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Kiswahili kikawaunganisha wote. Tangu sensa ya 1967 hatujaulizwa tena kabila. Kwa macho hayo, Wilaya ya Mpanda yenye makumi ya maelfu ya watu wa asili moja mahali pamoja ilionekana kama donge kwenye uji, na dawa ya donge ni kulikoroga.

Linganisha na Kenya, ambako njia ya kuingia taifani imepita upande wa pili kabisa. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani waliishi miongo bila vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Vitambulisho vikatolewa, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Kule, ili uwe Mkenya unatafutiwa nafasi kwenye orodha ya makabila. Huku, ili uwe Mtanzania unatakiwa kabila lako lisionekane sana. Warundi wa Katumba wangekuwa Kenya, pengine kuishi kwao pamoja kungekuwa hoja yao. Tanzania kukawa kesi dhidi yao.

Mpango wa kutawanya ulikwama. Fedha hazikutosha, mikoa ya kupokea haikuwa tayari, na mwaka 2011 uhamishaji ukasimamishwa. Miaka ile ya katikati ndiyo inayoniuma. Watu walikwishaukana uraia wa Burundi na wa Tanzania hawajaushika mkononi. Mtu aliyeambiwa kesho atahamishwa hapandi mwembe. Haezeki bati. Anaishi kwa mazao ya msimu, na mawazo yake yanakuwa ya msimu. Nadhani sharti lile lilikuwa kosa tangu mwanzo, kwa sababu liliwataka watu wang'oe kitu kilichowafanya Watanzania, yaani jirani, shamba, kisima na kaburi la mzazi, ili wapewe karatasi ya kuthibitisha kwamba ni Watanzania. Oktoba 2014 serikali ililiacha sharti hilo, na Rais Kikwete akaanza kukabidhi vyeti. Ilihitaji ujasiri kugeuza uamuzi wa namna ile, na ni haki kuusema.

Kuna waliosahauliwa. Warundi wa 1972 walioishi katika vijiji vya Kigoma, nje ya makazi, hawakuwemo kwenye zoezi lile la mwanzo. Hawa ndio waliokuwa wametangamana kuliko wote, hata mpelelezi angepata taabu kuwatambua. Waliokwisha kuwa wa jinsi yetu wakakosa tajnisi, na waliotengwa wakaipata kwanza. Mfano ulio wazi zaidi wa kwamba cheti na maisha ni mambo mawili ungeutafuta wapi?

Labda Handeni, mkoani Tanga. Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi bonde la Mto Juba, kusini mwa Somalia. Waliishi huko vizazi kadhaa, wengi wakasilimu, wakawa wakulima wa Kisomali kwa kila hati, lakini Kizigua hakikuwatoka kinywani. Vita vya 1991 vilipowafukuza, baadhi walikuja kwa bahari hadi Tanga, na baadaye wakapewa makazi Chogo, huko Handeni, katikati ya Wazigua wenzao. Waliongea na wenyeji lugha moja bila mkalimani. Na bado iliwabidi waombe tajnisi kama mgeni mwingine yeyote, kwa sababu masharti ya tajnisi hayana kipimo cha damu wala cha lugha ya bibi. Hesabu yake ni ya miaka ya ukaazi na yale masharti mengine ya kila mwombaji. Binafsi naona hiyo ni busara ya sheria, hata inapoumiza, kwani nchi inayoanza kupima damu haijui itaishia wapi.

Katumba na Mishamo waliopewa vyeti huitwa raia wapya. Ofisi zililitumia jina hilo kwa nia njema, ili watu waache kusema wakimbizi, likashika. Nilipofika Katumba niliketi na mzee mmoja chini ya mwembe. Mti wenyewe ulikuwa bado mchanga, kivuli chake hakijaenea. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza, "Baba, na wewe ni katika raia wapya?" Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimefika hapa sijaota ndevu. Huo upya wangu utakwisha lini?"

Nilikosa la kumjibu. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na cheti chake cha uraia, kimeanza kuwa cha njano kwenye mikunjo. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, akaitoa na kunipa nisome kwa sauti kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, aliyezaliwa mwaka 2016, miaka miwili baada ya wazazi wake kupata tajnisi. Mtoto huyo hakuomba kitu wala hakuapa popote. Kwa sheria yeye ni raia wa kuzaliwa, na akitaka urais, Katiba haimzuii.

"Mahali pa kuzaliwa," nikasoma, "Katumba."

"Rudia hapo," akasema mzee.