Je, wajua kwa nini karakana ya mhunzi huwa na giza?

Kikundi cha vijana kikiingia kwenye karakana ya mhunzi katika makumbusho hai, yaani yale ambamo watu hufanya kazi za kale mbele ya wageni, lalamiko la kwanza huwa lilelile: mbona humu giza? Dirisha ni moja, tena dogo, na kuta zimejaa masizi. Wengi hudhani ni ufukara wa watu wa kale, au kwamba waandaaji wametaka tu pafanane na zamani. Sivyo. Giza lile ni kifaa cha kazi, sawa na nyundo.

Mhunzi wa zamani hakuwa na kipimajoto. Joto la chuma alilisoma kwa rangi. Chuma chenye wekundu wa damu ya mzee kiko kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, na bado ni kikaidi: ukikipiga, nyundo inaruka. Kikifika rangi ya chungwa, karibu nyuzi 950, kinaanza kutii. Manjano ni kama nyuzi 1,100, na hapo ndipo kazi nzito ya kukirefusha na kukikunja hufanyika. Kikipita hapo kikawa cheupe na kuanza kurusha cheche, mhunzi amechelewa, chuma chenyewe kinaungua. Sasa kitoe chuma hicho chekundu nje, kwenye jua la mchana. Wekundu wote unapotea machoni, kinaonekana kama kipande kilichokwisha kupoa, na atakayekiokota atajuta. Ndiyo maana dirisha ni dogo.

Makumbusho ya kawaida yangeiweka nyundo ile ndani ya kabati la kioo na kuibandika karatasi: nyundo, chuma na mti, karne ya 18. Kila neno ni kweli, ila habari ya giza ingebaki nje ya kabati. Makumbusho hai hushika njia nyingine. Nyumba ni nzima, moto unawaka, mifugo iko zizini, na watu waliovaa mavazi ya enzi husika wanafanya kazi za enzi hiyo huku wageni wakiangalia na kuuliza. Wazo hili lina zaidi ya miaka 130. Mwaka 1891, mjini Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen. Alikuwa ameona jinsi viwanda vilivyokuwa vikiibadilisha Uswidi na jinsi maisha ya vijijini yalivyokuwa yakitoweka. Akakusanya nyumba za wakulima kutoka pembe mbalimbali za nchi, zikabomolewa gogo kwa gogo, zikajengwa upya kwenye kilima kimoja, kisha akaweka humo watu na wanyama. Jina hilo lilienea mpaka leo, kwa Kipolandi, skansen ni neno la kawaida la makumbusho ya namna hii.

Jambo la pili linalowaduwaza vijana ni kukutana na mtu mzima anayeshikilia kwamba hajawahi kuona simu. Huyo hafanyi mzaha. Katika makumbusho hai ya Plimoth Patuxet, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watumishi wa kijiji cha walowezi wa Kiingereza walianza mwaka 1978 kuigiza watu halisi walioishi pale, na kwao mwaka ulikuwa 1627. Mtindo huu huitwa usimulizi wa nafsi ya kwanza. Mwelezaji husema "mimi", hutamka maneno kwa lafudhi ya wakati ule, na hajui lolote lililotokea baadaye. Kwingineko, kama Old Sturbridge Village katika jimbo hilohilo, mwelezaji amevaa nguo za miaka ya 1830 lakini huzungumza kama mtu wa leo. Atakwambia "wao walifanya hivi", na anaweza kukulinganishia jembe la zamani na trekta.

Vijana wasipojulishwa tofauti hii kabla ya kufika, muda wao mwingi utaishia kumtega mwigizaji: ndege je? televisheni je? Ni hasara kubwa, kwa sababu anayesema "mimi" anaweza kujibu maswali ambayo kitabu hakijibu vizuri. Muulize leo amekula nini na nani amekipika. Muulize anamwogopa nani. Muulize mtoto wake akiugua usiku hufanya nini. Nimeona kijana aliyekuja na uso wa kulazimishwa akikaa chini mwenyewe, bila kuambiwa, baada ya swali hili la mwisho.

Hapohapo Plimoth Patuxet kuna makazi ya Wampanoag, watu wenye asili ya nchi ile, na huko utaratibu ni tofauti. Wanaofanya kazi hapo ni wenyeji wa asili hasa, na hawaigizi mtu wa zamani. Hutengeneza mtumbwi kwa kuchoma gogo taratibu na kulikwangua, huku wakizungumza kama watu wa leo wanaoeleza habari za watu wao ambao wangalipo. Mavazi yao si maleba. Kiongozi wa vijana ambaye hakulieleza hilo mapema atakuja kuona aibu pale kijana wake atakapomsalimu mtu mzima kwa ukelele aliouona kwenye sinema.

Kuna suala zito zaidi, na sipendi wanaolikwepa. Nyumba nzuri za zamani hupendeza macho kiasi cha mtu kusahau nani alizisafisha. Williamsburg, mji mkuu wa koloni la Virginia katika karne ya 18, zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi, na karibu wote watumwa. Mji huo, ambao sasa ni makumbusho hai, ulianza kukarabatiwa mwaka 1926, na kwa miongo mingi simulizi lake lilikuwa la magavana na mabwana wenye mali. Oktoba 1994 waelezaji wake waliigiza mnada wa watumwa barabarani. Wako waliopinga wakisema ni kuyageuza maumivu kuwa maonyesho, na wako waliofika wakipinga, wakaondoka na mawazo mengine baada ya kuona. Mimi naamini habari hiyo lazima isimuliwe, tena na watu walioisoma na kuitafakari kwa kina. Ila kumpa kijana wa miaka 13 nafasi ya kuigiza mtumwa au bwana mbele ya wenzake ni jambo jingine kabisa, na sitalikubali. Huko hakumfundishi uchungu wa utumwa. Kunamwachia yeye fedheha, na wenzake kicheko cha wasiwasi.

Turudi kwenye kazi za mikono, maana huko ndiko vijana huamka. Chukua pipa la kusukia maziwa. Ndani kuna malai, juu kuna mchi unaopandishwa na kushushwa. Dakika tano za kwanza ni mashindano, kila mmoja anataka zamu. Dakika ya kumi mikono inauma na utani umekwisha. Kinachoendelea ndani ni hiki: mafuta ya maziwa yako katika chembe ndogo sana, kila chembe imefunikwa na utando mwembamba. Kila pigo la mchi linapasua baadhi ya utando huo, na mafuta yaliyo wazi yanashikana. Kwa muda mrefu huoni chochote. Halafu, ghafla, sauti inabadilika. Badala ya mlio mzito wa malai yaliyoumuka, unasikia maji yakipiga ubao, na mchi unakuwa mwepesi. Siagi imejitenga. Joto likizidi, siagi hulainika na kushindwa kushikana vizuri. Baridi ikizidi, utasuka mpaka uchoke. Kwa hiyo siku za joto kazi hii ilifaa ifanywe asubuhi na mapema, na kijana aliyeisuka kwa mikono yake anaelewa bila kuelezwa kwa nini siagi haikupakwa ovyo.

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika, kwa pupa. Ratiba inakuwa na vituo kumi na viwili, kila kimoja dakika kumi, na vijana wanaondoka kwa mhunzi chuma kingali kinaanza kupata rangi. Afadhali vituo vitatu, na kila kazi ionekane tangu mwanzo hadi mwisho. Afadhali pia kikundi kigawanywe, vijana wanane au kumi na mtu mzima mmoja, maana karakana haina nafasi na wa nyuma wataona migongo tu. Wakipewa kitu cha kutafuta, kisiwe karatasi ya kujaza tarehe. Liwe swali moja la kila mtu, alilolitunga mwenyewe.

Wako wanaouliza kama ujuzi huu wa kale una kazi yoyote leo. Huko Burgundy, Ufaransa, tangu mwaka 1997 mafundi wa Guédelon wanajenga ngome kwa mbinu za karne ya 13. Mawe yanachongwa palepale, mbao zinatoka kwenye msitu unaowazunguka, na mizigo hupandishwa kwa winchi ya gurudumu ambalo mtu hutembea ndani yake. Paa la kanisa la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua Aprili 2019, ikaamuliwa kiunzi chake kijengwe upya kwa mialoni, mingi ikichongwa kwa shoka. Miongoni mwa maseremala walioifanya kazi hiyo walikuwamo waliopitia Guédelon.

Na yule mhunzi gizani, kikundi kikitulia, huwa anatengeneza msumari. Anachukua fito nyembamba ya chuma, kijana mmoja anavukuta mivukuto, makaa yanang'aa. Fito inatoka na rangi ya manjano. Anaigonga juu ya fuawe huku akiigeuza, pande nne, mpaka ncha ichongoke. Anaikata bila kuitenganisha, anaiingiza kwenye tundu la chuma, anaivunja, kisha mapigo machache ya kufanya kichwa. Msumari mmoja. Hapo unaweza kuwaambia vijana kwamba mwaka 1645 koloni la Virginia lilitunga sheria ya kuwakataza watu wanaohama kuchoma nyumba zao ili waokote misumari kwenye majivu. Badala yake, mwenye nyumba angelipwa misumari kwa idadi iliyokadiriwa kuwamo katika jengo. Kabla hawajauona ukitengenezwa, wangelicheka. Sasa msumari umetiwa majini, umepoa, na unapita mkono kwa mkono. Kila mmoja anapapasa kingo zake nne kabla ya kumpa mwenzake.