"Sisi Wakristo Kaka, Tunachungulia Tu": Mnayokosea Mkija Kutembelea Misikiti ya Zamani

Juzi tena. Nimepokea wageni saba kutoka Dar, tumemaliza pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone hapa Ujiji, Kigoma, watu washapiga picha na miembe wametosheka, tunatembea kuelekea msikitini nawaelezea habari za misafara ya Bagamoyo, Tabora mpaka huku ziwani, nageuka nyuma nimebaki na wawili. Watano wako dirishani wamejipanga kama wanachungulia mpira, mmoja kapanda tofali, simu kaipenyeza kwenye nondo, na ndani kuna mzee anasali dhuha yake, ile swala ya hiari ya asubuhi. Nikauliza nyie vipi? "Sisi Wakristo kaka, haturuhusiwi kuingia, tunaheshimu."

Mnaheshimu! Yani umekataa kuingia mlangoni kwa heshima alafu unampiga mzee wa watu picha dirishani akiwa kasujudu. Hii kitu naisikia kila wiki, kwa watu wa Dar, Mwanza, hata wa Kasulu hapo jirani, nimechoka.

Haya sikilizeni. Kwamba asiye Mwislamu haingii msikitini kabisa, hiyo mmeitoa Makka. Kule Msikiti Mtukufu kweli asiye Mwislamu haendi, mkabeba hukumu ya kule mkaitandika kwa kila msikiti duniani. Huku kwetu wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na msimamo wa Shafi ni kwamba misikiti mingine asiye Mwislamu anaingia akipewa ruhusa na Mwislamu. Na sio jambo la jana. Thumama bin Uthal, mkuu wa kabila la Banu Hanifa aliyetekwa na Waislamu, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume Madina siku tatu na hakuwa amesilimu bado, alisilimu alipoachiwa. Ujumbe wa kabila la Thaqif kutoka Taif nao ulifikia mulemule msikitini kabla hawajasilimu. Sasa wewe na begi lako la mgongoni una tatizo gani?

Kinachotakiwa ni ruhusa tu, na ruhusa inaombwa kwa mdomo. Msikiti una wenyewe, kama nyumba. Unafika barazani unabisha hodi, ukimkuta mzee unampa shikamoo yake (assalaam alaykum kama hujaizoea usijilazimishe, shikamoo inatosha sana), unasema umetoka wapi na unataka kuona nini. Mara nyingi atakwambia karibu kabla hujamaliza sentensi, na atakuonyesha mihrabu (kile kijichumba cha ukutani anaposimama imamu) na mimbari mwenyewe, na utaondoka saa nzima baadaye kwa sababu wazee wa Ujiji wakianza hadithi hawana breki. Akisema ngoja watoto wamalize chuo cha Kurani, unangoja. Akisema leo haiwezekani unashukuru unarudi kesho. Misikiti midogo mingine haina upande wa wanawake, kwa hiyo dada unaweza kuishia barazani, usinune. Picha nazo unaomba kivyake, kukaribishwa ndani sio kukaribishwa na kamera, na anayesali hapigwi picha hata kama kageukia kibla, yaani upande wa Makka, na uso hauonekani. Wala usikatize mbele yake, zunguka nyuma.

Mengine nayapitia haraka maana haya hata hayahitaji shehe.

"Nimejitanda mtandio basi." Juu mtandio, chini suruali ya kubana mpaka mishipa inaonekana, hapana. Ila wanaume ndo mnanichosha zaidi, mnadhani mavazi ni habari ya wanawake alafu mnakuja na kaptula na singlendi. Begi langu lina khanga tatu na msuli mmoja (ile nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni), na msuli ndo unatoka kila siku.

"Viatu nimevua." Umevulia wapi? Mtu anavua uwanjani, anakanyaga vumbi lote la Ujiji na soksi, alafu anapanda nazo kwenye zulia ambalo watu wanaweka paji la uso. Vua kwenye kizingiti, mguu ukitoka kwenye kiatu utue pasafi. Na ukienda chooni vaa zile ndara za pale, usiende peku ukarudi.

"Ratiba ya swala ninayo kwenye simu." Unayo ya Dar. Kigoma tuko magharibi sana, jua la huku linachelewa kuliko la Dar kwa karibu dakika 40, kwa hiyo adhuhuri yenu ikishaadhiniwa sisi bado tuko sokoni. Mnakuja mkidhani watu wameshasali wametawanyika, kumbe ndo kwanza wanatia udhu. Njooni saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, na Ijumaa mchana msije kabisa labda mnakuja kusali.

"Huu mbona hauna mnara, wa kihistoria kweli?" Hii nayo! Misikiti mingi ya zamani ya Waswahili haikuwa na minara mirefu. Nenda Kizimkazi kule Unguja, nje utaona ukuta na bati tu utapita bila kugeuka, ndani kwenye ukuta wa kibla kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa kalenda ya kawaida, na watu wanasali humo mpaka leo. Na huku msitegemee mawe ya matumbawe kama Kilwa Kisiwani, bara watu walijenga kwa udongo na miti, udongo unaliwa na mvua, waumini wanarudishia kwa tofali na bati. Usimwambie mzee "ahaa kumbe mpya huu", nimeshamsikia mtu akisema hivyo na nilitamani ardhi inimeze.

"Nimekulipa wewe, si ndo kiingilio?" Hela yangu ni ya kazi yangu. Msikiti hauna kiingilio, kuna sanduku pale mlangoni, ukipenda tia chochote kimyakimya, na usimkabidhi mzee noti mkononi huku mwenzio anarekodi video.

Wale watano wa dirishani tuliwaingiza mwishowe. Mzee alimaliza dhuha yake, akatoa salamu, akatoka barazani akawauliza, "Mbona mmesimama juani?" Yule wa tofali alificha simu.