Betri ya sensa inaisha kwa kusikiliza

Wengi wakianza mambo ya sensa zisizo na waya, vile vifaa vidogo vinavyopima kitu na kutuma vipimo kwa redio, wanajua kinachomaliza betri ni kutuma data. Hata mi nilijua hivo. Mara ya kwanza nilifunga nodi 12 shambani, yaani sensa 12 kila moja na redio yake, aina ya TelosB, kila moja na betri mbili za AA, kazi yake kupima unyevu wa udongo kila nusu saa basi, nikasema hizi miezi sita zinatoboa, siku ya sita naangalia laptop kimya, hamna hata moja inayoongea. Nikaanza kumlaani muuza betri. Kumbe ni mimi, redio nimeiacha macho usiku na mchana.

Datashiti ya CC2420, ile chipu ya redio ya TelosB, inasema wazi: kutuma kwa nguvu zote miliampea 17.4, kupokea 18.8. Yaani kutega sikio tu, hata kama hakuna anayesema kitu, kunakula kuliko kusema. Betri ya mAh 2500 gawa kwa 18.8, unapata saa 133, siku tano na nusu. Sasa ilaze redio iwe inaamka asilimia 1 ya muda, betri ileile inasogea mwaka na nusu hivi. Ndo maana mtu akiniuliza atumie protokali gani, yaani kanuni za nodi kupitishiana data, mi namuuliza kwanza redio yako inalala?

Ikishalala ndo tuongelee njia. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya kutuma inapanda mara nne, na mbali zaidi inaweza kufika hata mara 16, kwahiyo ni nafuu kumpasia jirani naye ampasie mwenzake. Shida inakuja kwa waliokaa jirani na kituo kikuu, kile kinachopokea data zote, mizigo ya shamba zima inapita mgongoni kwao, wanakufa wa kwanza, afu wa mbali wanabaki na betri zimejaa na hawana pa kupitia.

LEACH, protokali ya mwaka 2000 ya watafiti Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan wa chuo cha MIT, ilileta kitu kama upatu. Nodi zinajigawa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, anakusanya data za wenzake anazibana anatuma kituoni. Ukiweka viongozi asilimia 5, kila nodi inashika zamu mara moja ndani ya raundi 20, aliyeshika harudii mpaka wote wapite. Ila huku ukifikiwa na zamu hupokei hela, unabebeshwa gunia. Naipenda sana kuifundisha, kuifunga shambani hapana, maana bahati nasibu yake haiangalii nani betri imebaki kidogo, na inachukulia kila kiongozi anafika kituoni moja kwa moja, wakati kwangu kuna kilima na mahindi yakishakua yale majani yanakunywa mawimbi ya GHz 2.4 kama nini.

Natumia RPL, protokali ya kutafuta njia iliyo kwenye hati ya viwango vya intaneti, RFC 6550 ya 2012. Inaweza kupima njia kwa ETX, yaani paketi moja inarushwa mara ngapi ndo ifike, njia fupi inayodondosha nusu ya paketi inahesabiwa kama mbili. Na mtandao ukitulia, zile meseji zake za kutafutana zinazidi kuwa chache zenyewe.

Zile nodi mbili zilizo jirani na kituo nimezifungia tu betri kubwa za D, hapo protokali zote zilinishinda.