Mamba wa Disney hawakuletwa na mtu

Likizo za shule zikikaribia, simu yangu haikosi ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu walioko Marekani: "Kaka, tunawapeleka watoto Disney World. Eti kwenye maji ya kule kuna mamba?" Disney World ni eneo kubwa la bustani za burudani katika jimbo la Florida, karibu na mji wa Orlando. Wananiuliza mimi kwa sababu miaka yangu ya kazi imeishia kwenye kuwafuatilia mamba, wa Rufiji hasa. Jibu ni ndiyo. Wapo, ni wa porini, na hakuna aliyewaleta.

Tuanze na jina. Yule si mamba wetu wa Mto Naili, ni aligeta, jamaa yake wa ukoo mwingine. Pua yake ni pana na ya mviringo kama koleo, na akifumba mdomo meno ya chini hufichika. Wetu akifumba, jino la nne la taya la chini hubaki nje linaonekana (msisogee kuhakikisha). Aligeta anavumilia baridi kuliko mamba wetu, na ni mpole kuliko yeye, ila upole huo upimwe kwa mizani ya mamba.

Jimbo la Florida lina aligeta wapatao milioni 1.3, na hakuna hata kaunti moja kati ya 67 isiyo nao. Mwaka 1967 walikuwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kufikia 1987 walishatolewa humo kwa jinsi walivyoongezeka. Ukiona ziwa, mto, mtaro au kidimbwi cha uwanja wa gofu huko, chukulia kwamba yumo.

Eneo la Disney lilikuwa kinamasi. Kampuni ilinunua zaidi ya ekari 27,000 katika miaka ya 1960, ikachimba zaidi ya kilomita 65 za mifereji ili maji yapate pa kwenda. Ziwa la asili, Bay Lake, lilikaushwa na tope lake jeusi likazolewa. Chini ya tope wakakuta mchanga mweupe, wakautandaza ukingoni ukawa ufukwe. Kando yake wakachimba ziwa jingine, Seven Seas Lagoon, na udongo uliotoka humo ukatumika kuinua kiwanja cha Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Disney World. Bustani ikafunguliwa Oktoba 1971. Hayo maji yote yameungana na mifereji, na mifereji imeungana na vinamasi. Aligeta hupita mferejini, na ukizibwa hutoka akatembea nchi kavu usiku mpaka maji mengine. Uzio wa kumzuia katika eneo lenye ukubwa wa mji mzima mimi siuoni.

Kwangu mimi, hoja nzima iko kwenye ule mchanga mweupe. Ufukwe hutengenezwa ili umwite mtu: viti, mteremko laini, mtoto na ndoo yake. Mteremko huohuo ndio aligeta anaoupenda, kwa kuwa kwenye maji mafupi anaweza kujilaza, macho na pua tu vikiwa juu. Naye huwinda zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, ndiyo saa familia zinapotoka kupunga upepo na kusubiri fataki. Miezi ya joto humwongezea njaa, maana mwili wake hutegemea joto la nje ili uweze kusaga chakula.

Juni 14, 2016, yapata saa tatu usiku, mtoto wa miaka 2 alikuwa kwenye maji ya kina kifupi katika ufukwe wa hoteli moja kando ya Seven Seas Lagoon. Aligeta akamkamata. Baba yake aliingia majini kupambana naye, hakufanikiwa. Mabango yaliyokuwepo yalikataza kuogelea, hayakutaja mamba. Nalirudia hili kwa kila mwanafunzi wangu. Mtu aliyetoka mbali, asiyejua Florida, akisoma "usiogelee" anaelewa kwamba kulowesha miguu ni ruhusa. Baada ya msiba ule yaliwekwa mabango yanayomtaja mnyama kwa jina, na kuta za mawe zikajengwa kutenganisha mchanga na maji. Ukuta ule unanikumbusha vizimba vya kuchotea maji vilivyojengwa kwetu Kanda ya Ziwa: mamba habughudhiwi alipo, anazibiwa pale tu watu wanapomkaribia.

Kuwaondoa pia kunafanyika. Katika miaka 5 iliyofuata waliondolewa takriban 250 katika eneo lile. Kwa utaratibu wa Florida, aligeta msumbufu aliyefikia futi 4 kwa kawaida huuawa, kwani ukimhamisha hufunga safari akarudi alikotoka. Na ukimtoa mmoja, nafasi yake hujazwa na mwingine anayepita mferejini.

Lililo mikononi mwa mgeni ni chakula. Aligeta anayetupiwa vipande vya mkate au vya kuku hujifunza kwamba akija binadamu, mlo umekuja, na woga wake unaisha. Florida imefanya kumlisha aligeta kuwa kosa la kisheria, nami naona wametenda haki.

Hesabu nazo zisemwe. Tangu 1948 hadi 2021, Florida nzima ilirekodi watu 442 walioumwa bila kumchokoza mnyama, na 26 walikufa. Kwa jimbo lenye watu zaidi ya milioni 20, ni wachache mno. Barabara ya kwenda Orlando inanitia hofu kuliko maji yake.

Kwa hiyo jamaa yangu wa Minnesota nilimjibu hivi: nendeni. Mchana tembeeni mtakavyo. Jua likizama, fataki mzitazame mkiwa juu, mbali na maji, na mkipita kando ya ziwa wewe uwe upande wa maji, mtoto upande wa nchi kavu. Akaniuliza kama atabahatika kumwona hata mmoja. Nikamwambia aangalie mtaroni saa nne asubuhi, atamkuta anaota jua.